Breki Inayojishika na Mlima wa Mnadani

Mlima wenyewe si mrefu. Mgeni akiuona anaweza kuuita kilima, lakini mgeni hajaupanda akiwa na viroba thelathini vya mawe mgongoni mwa gari. Unaanzia korongoni, unapanda kama ukuta, na katikati kabisa, pale gari linapokuwa limechoka, njia ya ng'ombe inakata barabara. Banda langu la chakula lilikuwa hapohapo, kushoto ukipanda. Nililijenga mwaka wa kwanza wa rashi, watu walipomiminika kutoka kila upande kutafuta dhahabu, na kila mtu akachimba hata nyuma ya choo chake. Mimi sikuchimba. Nilipika. Mchimbaji anaweza kukosa dhahabu, hawezi kukosa njaa.

Mimi niliishia darasa la nne. Naandika kama ninavyosema, na anayetaka maneno mazuri akatafute kwingine. Nataka kueleza siku mjukuu wangu alipopanda mlima ule mbele ya madereva wote wa barabara ya machimbo.

Siku ya mnada ng'ombe walikuwa wanapita pale makundi kwa makundi. Barabara ile ilikuwa na sheria ambayo hakuna askari aliyeiandika, lakini kila dereva aliijua: ng'ombe wakikata barabara, unasimama na unazima injini. Si kupunguza mwendo. Kuzima. Ng'ombe akishtushwa na muungurumo kwenye mteremko anavunjika mguu, na mwenye ng'ombe hatazungumza na wewe, atazungumza na kioo cha gari lako kwa fimbo. Kwa hiyo kuwasha na kuondoka upya katikati ya mlima ndiko kulikotofautisha dereva na mtu anayeshika tu usukani. Wenye malori walikuwa na watu wa kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Niliona kwa macho yangu jiwe la dhahabu likitolewa kwenye kiroba na kuwekwa chini ya tairi. Lori likaondoka, jiwe likabaki. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri maharage kwangu akaliokota, akalifunika kwa kanga kikapuni, na maharage hakuyangoja tena.

Basi, mwenye duara moja, yaani shimo la kuchimba, akapata. Alipopata alinunua gari jeupe, la otomatiki, halina klachi, na ndani yake kulikuwa na kitufe kidogo karibu na gia. Ukikibonyeza, taa ndogo inawaka kwenye dashibodi. Hapo ukisimama na kuondoa mguu kwenye breki, gari linabaki limeshikwa palepale, hata mlimani. Ukikanyaga mafuta linaachia lenyewe. Hendibreki hugusi.

Kitufe hicho kilileta kelele bandani kwangu kuliko uchaguzi.

Mzee mmoja wa lori, aliyekuwa ameendesha tangu barabara ile ni njia ya mbuzi, alisukuma sahani yake pembeni. "Gari linalojishika breki ni la nini? Mguu wangu una kazi gani sasa? Nikauze?"

"Ukiuuza nani atanunua, mzee, mguu wenyewe umepinda," akasema dereva wa teksi ya Sirari. Huyu alilala upande huu na kula upande wa pili wa mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa hivyohivyo. "Lakini mimi nasema hiyo kitu ni uvivu ya watu wa mji. Kwa foleni sawa. Hapa kwetu foleni ni ya ng'ombe."

"Nyinyi hamjui magari," akasema wa tatu. Huyu alitoka upande wa Ikoma, alikuwa amewaendesha wageni wa hoteli za mbugani kabla ya kuacha kazi na kufuata dhahabu. Dhahabu haikumfuata yeye, lakini miwani ya jua ya kazi ya zamani alikuwa nayo bado. "Mimi nimeendesha la bosi lenye kitu hicho. Unasimama, unakunja mikono, unapiga stori na mgeni. Gari linakusubiri kama mke mwema."

"Mke mwema gani anakusubiri wewe, mura?" akauliza mzee wa lori, na banda zima likacheka.

Mimi niliendelea kukoroga sufuria. Lakini nilisikiliza kila neno, na nilikuwa na sababu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, nimemlea tangu ananyonya. Alipomaliza shule alisema anataka udereva. Niliuza maksai mmoja akaenda kusoma mjini. Shemeji yangu alikuja nyumbani na fimbo yake, akasimama uani. "Maksai anauzwa ili mtoto wa kike akajifunze kukanyaga klachi?" Nikamwambia: "Maksai ni wangu na mguu ni wake. Wewe umepungukiwa nini?" Akaondoka bila kunywa uji. Mjukuu wangu akarudi na leseni yake, na leseni ikakaa ndani ya Biblia mwaka mzima na nusu, kwa sababu kila mwenye gari aliyemwendea alimuuliza kama hana kaka. Akaniambia: "Bibi, mwezi huu ukiisha sijapata gari, nateremka machimboni kuokota mawe na wenzangu." Niliwajua walioteremka kuokota mawe kwenye vifusi. Wengine walirudi na vifua vya vumbi, na mmoja hakurudi.

Kwa hiyo mwenye duara aliposema anatafuta dereva, mimi nilisikia kabla ya watu wote.

Tatizo lake lilikuwa mama yake. Yule mama miguu ilimuuma, na kila wiki ya pili ilibidi apelekwe hospitali Tarime. Lakini zamani pikapu ilirudi naye nyuma kwenye mlima ule mpaka mtaroni, na tangu siku hiyo aliapa hapandi mlima ndani ya gari. Ilikuwaje basi? Gari lilimshusha korongoni, likapanda tupu, likamsubiri juu. Naye na miguu yake mibovu akapanda kwa fimbo, anapumzika kwangu, anakunywa maji, anaendelea. Mtoto wake tajiri anamfuata nyuma amebeba kiatu. Ndiyo maana alinunua lile gari. Muuzaji alimwambia linajishika lenyewe. Mama yake alipoelezwa alisema: "Linajishika? Na nani analishika lisijiachie?"

Lakini miguu ilizidi, na mwanawe alimsihi mpaka akakubali kwa masharti yake mwenyewe. Aliyatoa bandani kwangu, ameketi kwenye benchi, watu wote wanasikia.

"Nitapanda siku ya mnada," alisema. "Ng'ombe wakiwa barabarani, si barabara tupu. Nitaweka mapajani kibuyu cha kunywea, kina maziwa. Atakayenifikisha juu maziwa yakiwa ndani ya kibuyu na si kifuani mwangu, huyo ndiye dereva wangu."

Mzee wa lori akasema yeye haendeshi gari linalofikiri. Wa Sirari akasema ana gari lake. Wa Ikoma akavua miwani, akaifuta. "Mama, hiyo kazi imeshapata mtu."

Nikaweka mwiko chini. "Na mjukuu wangu atajaribu."

Walicheka. Sikuwazuia, kucheka hakuvunji mfupa. Mwenye duara akajikuna shingo. "Mama, shikamoo tena, lakini gari hili ni jipya."

"Marahaba. Na mama yako ni mzee. Unaogopea kipi kati ya hivyo viwili?"

Mama yake akanitazama, akamtazama msichana aliyekuwa anaosha sahani, akasema: "Ajaribu. Maziwa hayajui mwanamume wala mwanamke."

Siku moja kabla ya mnada mwenye duara aliacha gari kwangu, kwa sababu njia ya kuteremkia shimoni ilikuwa imekatwa na mvua. Alimpa mjukuu wangu ufunguo alioshe. Aliosha upesi, halafu akaingia ndani akakaa. Anawasha, anazima. Anabonyeza, anazima. Anawasha tena. Nilihesabu mpaka nikachoka.

Wa Ikoma alikuwa anakula. "Bibi, mjukuu wako anatafuta kituo cha redio?"

"Anatafuta kazi," nilisema. "Wewe kula."

Baadaye binti akaja jikoni, mikono imelowa. "Bibi, nimegundua kitu. Kitufe ukikibonyeza taa inawaka. Ukizima gari na kuwasha tena, taa haipo. Gari linasahau. Lazima ukibonyeze upya."

"Basi kila ukiwasha, liambie upya."

"Ndiyo. Ila..." Akatazama nje, kwa yule wa Ikoma. "Na yeye je, anajua? Kule kwao wanampisha tembo na injini inaunguruma. Hakuna anayezima. Hapa atazima kwa ajili ya ng'ombe."

Sitaficha. Moyo wangu ulisema nyamaza. Moyo wa bibi ni hivyo. Lakini nilimkumbuka yule mama na pikapu yake mtaroni. Nikamwambia: "Atakayeketi nyuma kesho ni mtu mzima wa watu. Nenda kamwambie."

Akaenda. Nilisikia kutoka jikoni.

"Kaka, samahani. Lile gari ukilizima, kitufe kinasahau. Ukiwasha ubonyeze tena."

"Dada yangu," akajibu, mdomo umejaa ugali, "mimi nimeendesha watu waliotoka ng'ambo ya bahari kuja kuona simba. Leo unanifundisha kitufe? Niletee maji ya kunawa."

Akamletea maji ya kunawa. Nilimwona uso wake, haukubadilika. Hapo nilianza kujivuna, lakini sikumwonyesha.

Siku ya mnada watu walikaa kandokando ya mlima kama wanangoja harusi. Wa Ikoma alianza, kitufe amekibonyeza tangu korongoni. Mama wa watu nyuma peke yake, kibuyu mapajani, maziwa yamefika nusu. Gari likapanda vizuri, taratibu, na siwezi kumdhulumu, mkono wake kwenye usukani ulikuwa mzuri. Walipofika kwangu ng'ombe wakaingia barabarani. Akasimama, akaweka gia ya kuegesha, akazima injini kama sheria inavyotaka. Kundi lilikuwa kubwa. Ng'ombe walipokaribia kwisha akawasha, akaingiza gia, mguu kwenye breki. Wakabaki ndama watatu wanne wa mwisho, wanatembea wakinusa nyasi. Ndipo alipotaka kutuonyesha. Akaondoa mguu na kukunja mikono kifuani, ametugeuzia uso, anacheka.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Halikurudi sana, hatua nne au tano. Lakini kwa mtu aliyewahi kufika mtaroni, hatua tano ni safari nzima. Yule mama alipiga yowe mpaka ndama wakakimbia. Wa Ikoma akakanyaga breki kwa nguvu zote na maziwa yote yakaruka, kifuani, kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye kiti kipya cha mwanawe. Dereva akashuka anakitazama kitufe kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. "Kimeharibika," alisema. "Kilikuwa kinafanya kazi. Kimeharibika."

"Hakijaharibika," akasema wa Sirari. "Msichana si alikwambia jana? Hata mimi nilikuwa hapo nasikia."

Mama wa watu alikuja kwenye benchi langu, amelowa. Akasema neno moja: "Basi." Kisha akasema: "Naenda kwa miguu mpaka nife. Ufunguo urudishwe."

Mwanawe akainama mbele yake. "Mama, bado mmoja."

"Amalizie bila mimi."

Nilimwona mjukuu wangu amesimama kando ya gari, kitambaa mkononi, anafuta maziwa kwenye kiti ambacho hajakikalia. Hakuomba. Hakusema "nilimwambia." Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne kwisha.

Nikaketi kando ya yule mama. Tulikuwa wa rika moja karibu, tulitahiri watoto wetu msimu mmoja. Nikamwambia: "Mwenzangu, mimi sikusihi. Umeogopa na una haki. Ila mimi nitaingia na kukaa kando yako. Tukirudi mtaroni tunarudi wote wawili, na watu watasema wazee wawili waliuawa na ujinga wao. Tukipanda, unapumzisha hiyo miguu. Mimi nimemlea. Nisingemwamini, ningekaa hapa na sufuria yangu."

Alijifuta kifua kwa ncha ya kanga. Mwishowe akasema: "Maziwa unayo?"

"Ninayo."

"Jaza kuliko yale."

Tukashushwa mpaka korongoni. Sikuwa nimewahi kukaa kwenye gari la namna hiyo, kiti kilinimeza. Mwenzangu alishika kibuyu kwa mkono mmoja na kwa mwingine akashika mkono wangu, akaubana kama koleo.

Binti aliendesha huku akisema kila kitu anachofanya, si kwa kujisifu, bali kama unavyomwambia ng'ombe mpya unapomfunga nira, ajue uko wapi.

"Bibi, naanza kupanda. Bibi zangu, ng'ombe hao wanakuja, nasimama. Nimesimama. Nimeweka gia ya kuegesha. Nazima."

Kimya kikaja. Nilisikia kwato kwenye changarawe, na wachungaji wakipiga miluzi, na mwenzangu akipumua. Ng'ombe walipita, wa rangi zote, na mimi kwa mazoea niliwachagua kwa macho, huyu anafaa jembe, huyu hafai. Kisha akawasha.

"Nimewasha. Mguu uko kwenye breki. Naingiza gia. Sasa nabonyeza kitufe." Akanyoosha kidole kwenye dashibodi ili tuone kutoka nyuma. "Taa hiyo. Mmeiona?"

"Nimeiona," akasema mwenzangu.

"Sasa naondoa mguu. Lakini mguu hauendi mbali. Uko juu ya breki hapahapa, unasubiri."

Akaondoa. Nilifumba macho, nakiri. Nilipofumbua tulikuwa palepale. Ndama mmoja mwekundu alikuwa amesimama katikati ya barabara mbele yetu, ametazama gari, hataki kwenda. Mchungaji alimwita, hasikii. Tukakaa. Sijui ni muda gani. Gari halikusogea hata upana wa kidole, na binti hakupiga honi, na mguu wake niliouona kutoka pale nilipokaa ulikuwa umening'inia juu ya breki kama mkono wa mama juu ya mtoto anayejifunza kutembea. Ndama akachoka kutushangaa, akaondoka. Binti akagusa mafuta kidogo, gari likaachia, tukaenda. Sikuhisi ni wakati gani liliachia.

Juu ya mlima akasimama, akaegesha, akazima. Hakugeuka. Alisubiri.

Mwenzangu akachungulia kibuyuni. Kulikuwa na tone moja tu kwenye kanga yake, na alikiri mwenyewe kwamba ni mkono wake uliotetemeka. Akauliza: "Kilichonishika ni gari au ni wewe?"

"Gari limeshika, bibi," akasema mjukuu wangu. "Mimi nilikuwa nalichunga."

Yule mama akanywa maziwa, yote, palepale kwenye kiti, akafuta mdomo. Mwanawe alikuwa amepanda mlima mbio, anahema dirishani. Mama yake akamwambia: "Huyu. Keshokutwa hospitali. Na wewe usinipigie kelele tena kuhusu miguu yangu." Kisha akamgeukia binti: "Uje asubuhi. Ukichelewa natembea."

"Sitachelewa, bibi."

Mimi nilimwambia tu, "Umekanyaga vizuri." Kwetu mtu hasifiwi mbele ya watu akiwa bado ameshika usukani. Lakini wakati wa kuteremka niliomba nikae kiti cha mbele, na nilifungua kioo mpaka chini, na shemeji yangu alikuwa pale kandokando na fimbo yake. Sikumsalimia. Nilimwacha anitazame tu.

Kazi ile aliifanya miaka mingi. Mpaka duara la yule bwana lilipojaa maji na watu wakahamia kwingine, yeye aliendelea kumpeleka yule mama Tarime, na hata siku yule mama alipofariki na kurudishwa mara ya mwisho kwenye boma lake Gorong'a, ni yeye aliyeendesha, polepole, na injini aliizima kila ng'ombe walipopita.

Lakini nataka kuandika jioni ile ya mnada, jua bado lipo. Madereva hawakuondoka. Walilizunguka gari jeupe, mmoja akajifanya anatazama tairi, mwingine anatazama taa. Wa Sirari ndiye aliyekuwa na ujasiri. "Dada, hebu nionyeshe hiyo kitu inavyosahau." Akamwonyesha. Akaja mwingine. Wa Ikoma akaja, miwani mfukoni, akasema kwa sauti ya chini: "Samahani kwa jana, dada," na binti akamwonyesha bila kumkumbusha neno lolote.

Mzee wa lori alikuja wa mwisho. Aliingia, akaketi, akashika usukani kama anayeshika mpini wa jembe la mtu mwingine. Mguu wake wa kushoto ulikwenda moja kwa moja kutafuta klachi, ukaikanyaga breki pana badala yake.

"Mzee wangu," akasema mjukuu wangu, ameinama dirishani, "huo wa kushoto urudishe nyuma kabisa, chini ya kiti. Humu hauna kazi."

Na mzee yule, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akiambiwa kitu barabarani akatii, akaukunja mguu wake taratibu akaurudisha chini ya kiti, akasema, "Haya, mwanangu. Halafu?"